Kuisoma Picha ya Mtawala: Federico da Montefeltro na Battista Sforza

Picha ya mtawala iliyochorwa kwa ajili ya kasri lake haifai kusomwa kama kioo. Jambo hili hudhihirika katika picha pacha za Federico da Montefeltro, mtawala wa Urbino nchini Italia, na mkewe Battista Sforza. Picha hizo zilichorwa juu ya mbao na Piero della Francesca katika nusu ya pili ya karne ya 15, na zimehifadhiwa katika jumba la Uffizi mjini Florence.

Federico, jemadari wa kukodiwa, alipoteza jicho la kulia katika mashindano ya mikuki. Mchoraji amemwonyesha kwa upande wa kushoto tu, kwa mtindo unaokumbusha sarafu za Roma ya kale. Kilema kimesitiriwa pasipo uongo. Hata hivyo, chunjua za shavuni na mbonyeo wa pua havikufichwa: ukweli mdogo umekubaliwa ili mtazamaji auamini ule mkubwa, yaani utulivu na uwezo wa mtawala. Mpangilio nao umeathirika. Kwa desturi mume aliwekwa kushoto kwa mtazamaji. Hapa yuko kulia, kwani kutoka upande wa pili asingeweza kumwelekea mkewe bila kudhihirisha jicho lililopotea.

Nyuma ya mbao hizo Federico, mwenye deraya, amepanda gari linalovutwa na farasi weupe, huku akivishwa taji la ushindi. Gari la Battista linavutwa na wanyama wa hadithi wenye pembe moja, ishara ya usafi. Chini ya kila gari yapo maandishi ya Kilatini. Mume anasifiwa kwa wakati uliopo; mwenendo wa mke unatajwa kwa wakati uliopita, ingawa sifa zake zingali midomoni mwa watu. Battista alifariki mwaka 1472, miezi michache baada ya kumzaa Guidobaldo, mrithi wa Federico. Kwa sababu hiyo wahakiki wengi huona kwamba picha zilichorwa baada ya kifo chake.

Tafsiri hiyo ikikubaliwa, maana ya upande wa mbele hubadilika: mtawala anatazamana na marehemu, na picha ya mamlaka inakuwa pia picha ya msiba. Njeo ya kitenzi kimoja yatosha kuigeuza. Mhakiki anayeishia kwenye nyuso hizo mbili, basi, amesoma nusu tu ya kazi hii.