Tovuti ya Biashara Yako Imeandikwa kwa Jina la Nani?

Kila aliyewahi kutuma pesa za kiwanja nyumbani analijua swali hili: hati imeandikwa kwa jina la nani? Wengi wetu tulijifunza kuliuliza baada ya kuumia. Lakini tovuti ya biashara hatuiulizii hivyo. Tunatuma pesa, tunaletewa linki WhatsApp, tunafungua, tunaona picha nzuri, basi tunarudi kazini.

Dada mmoja anayefanya kazi za ndani Muscat ana gesti ya vyumba sita Pangani, imejengwa kwa mshahara wa miaka saba. Mdogo wake ndiye msimamizi. Walimlipa kijana mmoja awatengenezee tovuti, na kila mwaka dada alikuwa anatuma pesa ya "kulipia tovuti". Wageni wakawa wanapiga simu, hata kutoka nje ya nchi. Mwaka wa nne simu zikanyamaza. Mdogo mtu akadhani ni msimu mbaya. Kumbe tovuti ilizimika wiki nyingi zilizopita, na yule kijana alishabadili namba.

Dada alipowasiliana na wakala aliyesajili jina la tovuti, swali lilikuwa moja: wewe ni nani? Kwenye kumbukumbu zao mwenye jina ni yule kijana. Imeili yake, simu yake. Risiti za dada zilionyesha kwamba alimtumia mtu pesa. Hazikuonyesha kwamba jina ni lake.

Huenda kijana hakuwa mwizi. Mafundi wengi husajili kwa akaunti yao kwa sababu ni haraka, na mteja yuko mbali. Lakini hasara ni ile ile.

Ni vitu vitatu, si kimoja

Ukisema "tovuti yangu" unataja vitu vitatu, na kila kimoja kinaweza kuwa mikononi mwa mtu tofauti.

Cha kwanza ni jina, lile linaloishia .com, .co.tz au .co.ke. Wataalamu wanaliita kikoa. Halinunuliwi likaisha, unalilipia kwa muda, na la.com unaweza kulilipia hadi miaka 10 kwa mpigo.

Cha pili ni mahali tovuti inapokaa, yaani hosti: kompyuta ya kampuni fulani inayowaka usiku na mchana. Hiyo ina bili yake peke yake. Ichukulie kama fremu ya duka. Mkishindwana na mwenye fremu, unahamisha bidhaa kwingine.

Cha tatu ni vilivyomo ndani: picha, bei, maandishi, na namba ya kupokelea malipo. Hapo kuwa macho. Namba ya malipo iliyoandikwa pale ni ya nani?

Hosti inahamishika, picha zinapigwa upya. Jina likipotea, wateja wote waliolizoea wanapotea nalo. Kwa hiyo anza na jina.

Jina likiisha muda

Kwa majina ya .com, wakala anatakiwa kutuma ukumbusho karibu mwezi mmoja kabla ya muda kwisha, kisha tena wiki moja kabla. Ukumbusho huo unakwenda kwa imeili iliyosajiliwa. Kama imeili ni ya fundi, wewe hutaona kitu. Jina likishafutwa kuna siku 30 za kulikomboa, na gharama yake huwa kubwa kuliko malipo ya kawaida. Zikipita, yeyote anaweza kulichukua. Majina ya .co.tz yako chini ya TCRA na ya .co.ke yako kwa KeNIC. Hayo yana taratibu zake.

Sisi wa huku tuna mtego wetu

Hata ukisajili kwa jina lako, angalia namba ya simu. Ukiweka laini ya Oman au ya Dubai, mkataba ukiisha ukarudi nyumbani, laini inakufa. Siku unataka kuingia kwenye akaunti, meseji yenye namba ya uthibitisho inakwenda kwenye laini ambayo huna tena. Tumia imeili yako binafsi, na weka laini ya nyumbani ambayo haizimwi. Usitumie simu ya bosi wala imeili aliyokufungulia.

Siku yako ya mapumziko, fanya haya

1. Jina likiwa la .com, .org au .net, ingia lookup.icann.org uliandike. Utaona wakala ni nani na muda unaisha lini. Jina la mwenyewe mara nyingi limefichwa, kwa hiyo usiishie hapo.
2. Muulize fundi: akaunti ya jina na ya hosti zimefunguliwa kwa imeili gani?
3. Omba nakala ya mafaili yote ya tovuti, na mtu wa nyumbani aihifadhi.
4. Toka sasa, lipa wakala na hosti moja kwa moja, risiti ije kwa jina lako. Fundi mlipe ufundi wake.
5. Andika tarehe ya kulipia kwenye kalenda ya simu, miezi miwili kabla.

Na ukimwandikia fundi, usianze na lawama. Andika hivi: "Habari kaka, kazi yako naikubali. Naomba jina la tovuti lihamie kwenye akaunti yangu, mimi niwe mwenye jina, wewe ubaki fundi. Gharama ya kuhamisha niambie." Aliye mwaminifu atakuelewa. Akianza kuzungusha maneno, afadhali umjue leo, wakati tovuti bado inawaka.

Yule dada ilibidi aanze na jina jipya. Kibao cha gesti kilipakwa rangi upya, kadi zikachapishwa upya. Safari hii akaunti ni yake, imeili ni yake, na mdogo wake ameachiwa kazi ya kubadili bei na picha tu.