Fimbo ya Mbali Haiui Nyoka

Ndugu msikilizaji, Jumapili iliyopita nilikuwa kituoni Gongo la Mboto nikingoja daladala ya kwenda Pugu. Pembeni yangu alisimama mtoto wa jirani yangu, kijana wa kidato cha pili. Akaniamkia, kisha akaniuliza: "Mzee, tumefundishwa kwamba wamisionari walileta shule. Lakini hawa watu walikuwa wanafanya kazi gani siku nzima? Maana misa haizidi saa moja au mbili."

Nilicheka, lakini swali lilikuwa zuri. Daladala ikafika, tukabanana mlangoni, na jibu langu likaishia njiani. Leo naomba nilimalizie.

Mimi na kijana yule tunaishi kando ya barabara ambayo yenyewe ni kitabu cha historia ya elimu. Ukitoka Gongo la Mboto kuelekea milimani unafika Pugu, ambako Wabenediktini kutoka Ujerumani walifungua misheni mwaka 1888. Ukiendelea upande wa Kisarawe unafika Minaki, ambako Waanglikana wa UMCA walianzisha chuo chao mwaka 1925. Leo Pugu na Minaki ni shule za sekondari za Serikali.

Tuanze na wale wa Pugu. Mmisionari aliyefika mwaka ule hakukuta darasa likimsubiri. Ilimpasa kwanza afyeke, ajenge, alime chakula chake, na ajifunze Kiswahili kwa watu wale wale aliotaka kuwafundisha. Wanafunzi wake wa mwanzo walikuwa watoto waliokombolewa utumwani, ambao hawakuwa na baba wala mama wa kuwarudia jioni. Kwa hiyo mwalimu alikuwa ndiye mzazi, mpishi, fundi na mganga.

Kazi hiyo haikudumu hata miaka miwili. Tarehe 13 Januari 1889 misheni ya Pugu ilishambuliwa katika vita vya Abushiri. Mabradha wawili na sista mmoja waliuawa, wengine wakatekwa na baadaye wakaachiwa kwa fidia. Kwa nini walishambuliwa walimu? Kwa sababu miezi michache tu kabla ya hapo, Agosti 1888, Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilikuwa imeanza kuutwaa utawala wa pwani kwa ubabe. Wananchi walipomtazama Mjerumani wa Pugu hawakuona mwalimu, waliona bendera. Mtu anaweza kuja na kitabu mkononi, lakini kama nyuma yake kuna bunduki ya mwingine, atahesabiwa pamoja na bunduki hiyo.

Wale wa UMCA walikuwa wameanza mapema zaidi, Zanzibar, mwaka 1864. Darasa lao la kwanza lilikuwa na wavulana watano waliokombolewa utumwani, ambao Sultani Majid alimkabidhi Askofu Tozer. Pamoja na Tozer alikuwako Edward Steere, naye alifahamu kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Akakaa chini na Waswahili, akasikiliza, akaandika. Mwaka 1870 alitoa kitabu cha sarufi ya Kiswahili na kitabu cha hadithi za Waswahili, na vijana wa misheni walifundishwa kazi ya uchapaji katika mtambo uliokuwa pale pale. Chuo chao cha Kiungani ndicho mzazi wa Minaki.

Sasa nirudi kwenye swali la kijana: siku nzima walifanya nini? Katika shule ya bweni ya misheni siku ilianza kwa kengele kabla ya jua kuchomoza. Baada ya sala palikuwa na kufagia, kuteka maji na kumwagilia bustani. Ndipo masomo yakaanza: kusoma, kuandika, hesabu na dini. Mchana ulikuwa wa shamba au karakana, na jioni ilikuwa ya mpira. Usiku wanafunzi walijisomea kwa mwanga wa taa, hadi kengele ya mwisho.

Mwanafunzi akishalala, mwalimu alikuwa bado. Alisahihisha madaftari, akapiga hesabu za unga na mafuta ya taa, akaandika barua Ulaya kuomba fedha za chaki na mabati. Usiku wa manane akigongewa kwamba fulani ana homa, aliamka na kwinini yake. Ndiyo maana nilimwambia kijana kwamba misa ilikuwa sehemu ndogo tu ya siku.

Lakini tusidanganyane, ndugu msikilizaji. Mmisionari mmoja hakuweza kufundisha nchi. Mzigo mkubwa wa shule za vijijini ulibebwa na walimu na makatekista Waafrika, waliotembea kutoka kijiji hadi kijiji kwa malipo madogo, na ambao majina yao hayakuandikwa sana vitabuni. Mtu akisema wamisionari walifundisha, akumbuke kwamba wengi wa waliokuwa mbele ya ubao walikuwa Waafrika.

Tena shule hizo zilikuwa na dosari nzito. Mlango wake ulikuwa wa dini. Hapa pwani wazazi wengi Waislamu waliogopa kuwapeleka watoto wao kwa hofu ya kubadilishwa dini, na hofu hiyo haikuwa ya bure, kwani kueneza dini ndilo lililokuwa kusudi la misheni. Matokeo yake, wakati wa Uhuru waliokuwa wamesoma hawakutoka pande zote kwa usawa. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ilikusudia kurekebisha jambo hilo, na shule nyingi za madhehebu zikawa za Serikali, milango yake ikiwa wazi kwa dini zote.

Na Rais aliyesimamia uamuzi huo alikuwa yeye mwenyewe amefundisha shule za misheni! Julius Nyerere alifundisha St. Mary's, Tabora, na aliporudi kutoka Edinburgh akafundisha hapa Pugu. Juma lote alikuwa darasani. Mwisho wa juma aliteremka mjini, safari ya kilomita ishirini hivi, mara nyingine kwa miguu, kwa kazi za TAA na baadaye TANU. Mwaka 1955 aliambiwa achague siasa au ualimu. Mwezi Machi akajiuzulu. Jina la Mwalimu, hata hivyo, hakuliacha.

Kuna jambo moja katika habari hiyo ambalo hunifurahisha. Baada ya kuacha kazi, Nyerere alirudi kwao, na kwa miezi kadhaa akamfundisha Kizanaki padri Mmarekani wa shirika la Maryknoll, Arthur Wille. Mwafrika akawa mwalimu, mmisionari akawa mwanafunzi. Nadhani hapo ndipo kazi ya elimu ilipofika mahali pake.

Nakuja sasa kwetu. Tangu Januari 2016, ada ilipofutwa hadi kidato cha nne, watoto walifurika shuleni, na hilo ni jambo la kushukuru. Lakini mama wa kijana yule, ambaye ni mwalimu, hutoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, huunganisha daladala mbili kwenda kufundisha upande wa pili wa jiji, na hurudi usiku. Hana nafasi ya kumjua mzazi wa mwanafunzi wake, wala ya kukaa jioni na mtoto aliyeshindwa hesabu. Si kwamba hana moyo. Nguvu yake yote inaishia barabarani.

Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Hatuhitaji kurudisha mambo yote ya misheni. Mlango ule wa dini na ufungwe moja kwa moja. Lakini lipo moja la kurithi: mwalimu aliishi mahali alipofundisha. Tukipanga kujenga madarasa, basi katika bajeti ile ile tuweke nyumba ya mwalimu. Na mwalimu anayeomba uhamisho ili awe karibu na shule yake asionekane msumbufu. Anaomba kufanya kazi.

Kijana yule aliposhuka aliniuliza swali la mwisho: "Kwa hiyo mzee, mama angekuwa anaishi shuleni, ningekuwa namwona?" Sikuwa na jibu la haraka. Naliacha kwako, ndugu msikilizaji, hadi juma lijalo.