Nyanya Bingwa: Rekodi za Dunia Kwenye Mizani ya Nakuru

Nyanya imepimwa kwa kila kitu: uzito, urefu, wingi, utamu, umri. Hawa hapa mabingwa wake, na kila mmoja tumemtafutia mpinzani wa nyumbani, kwa sababu rekodi ya Marekani haiungi mboga ya mtu wa Kiamunyi hapa Nakuru. Uwanja wetu ni ua wa nyuma ya nyumba, mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, wenye usiku wa baridi na mvua ya masika isiyobembelezwa.

1. Nzito kuliko zote: kilo 5.284

Mwaka 2022, Del na Julie Fast wa jimbo la Minnesota, Marekani, waliweka kwenye mizani nyanya moja ya kilo 5.284. Chukua pakiti mbili za unga wa kilo mbili mbili, kisha ongeza sukari ya kilo moja. Bado nyanya inashinda, tena kwa gramu 284! Aina hiyo inaitwa Domingo. Kabla ya hapo, Gordon Graham wa Oklahoma alikuwa ameweka rekodi ya kilo 3.51 mwaka 1986, ikakaa miaka 28 bila kuguswa.

Kwa Nakuru, usishindane hapa. Jitu kama hilo huzaliwa kwa kukata matunda mengine yote ya mche, kisha kulisubiri wiki baada ya wiki. Mvua kubwa ikinyesha baada ya kiangazi, nyama ya tunda hufura upesi kuliko ganda, na nyanya inapasuka. Ikishapasuka, nzi na ukungu hawahitaji mwaliko. Matunda 50 ya gramu mia mia yatalisha nyumba kwa muda mrefu zaidi.

2. Mche uliozaa kuliko yote: nyanya 32,194

Mche huu ulikuzwa Epcot, ndani ya Walt Disney World, Florida. Kati ya Mei 2005 na Aprili 2006 ulitoa nyanya 32,194 zenye uzito wa kilo 522. Uwanja wa Afraha wa zamani ulihesabiwa kuchukua watu 8,200. Ipe kila nyanya kiti chake: utaujaza uwanja mara tatu, na mara ya nne vitabaki viti 600 hivi tu. Kwa lugha ya soko la Wakulima, hizo ni kreti nane za mbao za kilo 64, kutoka shina moja.

3. Shada lenye matunda mengi: 1,269

Hili ni la Mwingereza Douglas Smith, aliyehesabiwa nyanya 1,269 kwenye shada moja mwaka 2021. Lau zingekuwa abiria, zingejaza matatu 90 za watu 14, na tisa wangebaki stejini wakilalamika.

4. Ndefu kuliko zote: mita 19.8

Mwaka 2000, kampuni ya Nutriculture ya Lancashire, Uingereza, ilipimiwa mche wa mita 19.8. Uegemeze kwenye jengo la ghorofa sita pale barabara ya Kenyatta, na ncha yake itachungulia juu ya paa.

Hapa Nakuru tunaingia mashindanoni kweli, kwa sababu uamuzi wa kwanza wa mkulima wa nyumbani ni huu: nyanya ya kupanda kamba au nyanya ya kichaka? Anna F1 na Money Maker hupanda, na haziachi kukua mpaka uzikate kichwa. Cal J, Rio Grande, Kilele F1 na Rambo F1 ni za kichaka. Hufika kimo chao, zikazaa kwa mkupuo, zikachoka. Mwenye ukuta na uvumilivu achukue inayopanda, atachuma kidogo kidogo kwa miezi. Anayetaka kusaga nyanya za kuweka friji siku moja, achukue ya kichaka.

Lakini ya kupanda ina kazi. Kati ya kila jani na shina huchipuka kitawi kidogo, na kila wiki lazima ukivunje kwa kidole gumba kingali laini, kabla hakijawa shina la pili. Baada ya miche kumi vidole vimekuwa vya kijani iliyokolea, karibu nyeusi, na ukinawa kwa sabuni povu linageuka manjano. Harufu yake hukaa mkononi hadi chakula cha jioni. Ukisafiri wiki tatu bila mtu wa kukusaidia, utarudi ukute kichaka kisichojua mbele wala nyuma.

5. Ndogo kuliko zote

Kwa kimo, bingwa ni Micro-Tom, aina iliyotolewa na Chuo Kikuu cha Florida mwaka 1989. Mche mzima, pamoja na matunda yake, una sentimita 15 hadi 20, yaani rula ya mwanafunzi ya sentimita 30 inaupita kwa mbali. Kwa tunda, ushindi unakwenda kwa nyanya-mwitu ya Peru na Ekwado, yenye gramu moja hivi. Ungehitaji zaidi ya 5,000 kusawazisha mizani na ile ya Minnesota.

Anayeishi ghorofani Section 58 bila hata kipande cha ardhi asikate tamaa. Jerikeni la mafuta ya kupikia la lita 20, likikatwa juu na kutobolewa chini, linatosha mche mmoja wa kichaka. Mche mmoja, nasisitiza. Wengi hupanda mitatu, kisha wanalaumu mbegu.

6. Mbio za kuiva: siku 75, ukijua kuhesabu

Pakiti ya Cal J itakuambia siku 75. Kweli, ila saa huanza kugonga siku ya kuhamisha miche kutoka kitaluni, na kitaluni imeshakaa wiki nne. Piga hesabu ya Nakuru: umesia mbegu Jamhuri Dei, tarehe 12 Desemba. Miche inahamishwa tarehe 9 Januari. Siku 75 zinaishia tarehe 25 Machi, masika ikiwa mlangoni. Baridi ya usiku inaweza kuongeza wiki moja au mbili, kwa hiyo hizi ni mbio za kushinda kwa pua tu. Nyanya cheri huanza kuiva mapema zaidi. Na mahindi ya 614 yaliyo ng'ambo ya ua? Miezi sita hadi minane. Hayapo hata kwenye picha.

7. Bibi wakongwe: tangu 1913

Money Maker ilitolewa Uingereza mwaka 1913. Nchi hii haikuwa hata imeitwa koloni la Kenya; hilo lilikuja 1920. Marglobe, nyingine inayopatikana bado, ni ya Marekani ya 1925, miaka 14 kabla shule ya kilimo ya Egerton haijafunguliwa Njoro.

Bibi hawa wana siri moja ambayo chotara hawana: mbegu zao hurudi kama mama. Kamua tunda bora, chachusha mbegu kwa siku mbili tatu, osha, anika kivulini, na msimu ujao huendi agroveti. Ukifanya hivyo na Anna F1, watoto watatoka kila mmoja na sura yake.

8. Mojawapo ya tamu zaidi

Nyanya ya kawaida ya sokoni ina Brix 4 au 5, kipimo cha sukari na vilivyoyeyuka kwenye maji ya tunda. Sungold, nyanya cheri ya rangi ya chungwa kutoka Japani ya 1992, hupita 8, na inalikaribia tikiti maji. Watoto wataimaliza kabla haijafika jikoni, kwa hiyo usiihesabie mchuzi.

9. Msafiri mgumu kuliko wote

Rio Grande na Cal J zimeumbwa kwa ajili ya lori: ganda nene, nyama ngumu, umbo la yai linalopangika kwenye kreti hadi Nairobi, kilomita 160. Sifa nzuri sana, na wewe huihitaji. Safari ya nyanya yako ni hatua 20, kutoka uani hadi sufuria. Ndiyo maana kwa kachumbari nampa Money Maker ushindi mweupe: ganda jembamba na maji tele, hata kama isingefika Gilgil bila kubondeka.

10. Adui mkali kuliko wote

Fainali ya wauaji wawili. Kantangaze, kama wakulima wa Tanzania walivyombatiza nondo Tuta absoluta, aliripotiwa Kenya mwaka 2014. Jike mmoja hutaga hadi mayai 260. Funza wake huchimba ndani ya jani na tunda, na anaweza kuondoka na asilimia 80 hadi 100 ya mavuno.

Bado namtawaza blaiti. Ugonjwa huu ndio ulioangamiza viazi vya Ireland kuanzia 1845, na njaa iliyofuata ikaua watu milioni moja hivi, karibu mara mbili ya wakazi 570,674 wa Nakuru katika sensa ya 2019. Hupenda baridi na unyevu, yaani hupenda Njoro na Bahati za mwezi wa tano, na humaliza shamba kwa wiki moja au mbili. Viazi na nyanya huambukizana, basi usizipande jirani. Mwagilia chini, si juu ya majani, na ng'oa majani ya chini yanayogusa udongo. Soma pia herufi kwenye pakiti: V na F ni kinga dhidi ya aina mbili za mnyauko, N dhidi ya minyoo ya mizizi. Hakuna hata moja ya hizo inayomzuia blaiti.

11. Joto la kutoka chini ya ardhi

Tukamilishe kwa ushindi wa nyumbani. Kwenye kreta ya Menengai, Kampuni ya Maendeleo ya Mvuke, GDC, ilijenga grinihausi ya majaribio inayopashwa joto na mvuke wa ardhini, na nyanya zikapandwa humo. Visima vya Menengai vinazidi mita 2,000 kwenda chini: panga majengo 19 ya KICC, moja juu ya jingine, na bado hujafika. Mzizi wa nyanya wenyewe ukijitahidi sana hupita mita moja kidogo. Minnesota na walete hilo!