Fundi, Mhudumu wa Afya na Nyumba Unayolala

Mlaji anapomwita fundi amjengee nyumba, hununua ukuta, sakafu na paa. Mara chache hukumbuka kwamba vitu hivyo ndivyo vinavyoamua mbu wangapi wataingia usiku, moshi utatokea wapi, na wadudu gani watajificha katika nyufa. Katika vijiji vya Ngara na Biharamulo, ambako nyumba za udongo bado ni nyingi na kuni ndizo nishati ya jikoni, ujuzi wa kuziona hatari hizo umegawanyika kati ya watu wawili wasiosoma pamoja: fundi ujenzi na mhudumu wa afya. Tunaona kwamba mafunzo yao hayana budi kukutanishwa, na tunaeleza hapa kwa nini.

Upuliziaji wa dawa-ukoko majumbani ulianza Muleba mwaka 2007, kisha ukaenea katika wilaya nyingine za Kagera. Dawa hiyo hubaki juu ya ukuta na kumuua mbu anayetua hapo kwa miezi kadhaa. Fundi asiyelijua jambo hilo, akiitwa wiki inayofuata, atausiliba ukuta upya au kuupaka chokaa, na dawa yote itafunikwa. Kila mmoja amefanya kazi yake vizuri, na mwenye nyumba amebaki bila kinga.

Kinyume chake pia hutokea. Mbu aenezaye malaria hupenda kupita katika uwazi ulioachwa kati ya ukuta na paa, na mtaalamu wa afya atashauri uzibwe. Fundi atauziba kwa udongo kama alivyoelekezwa. Lakini uwazi huohuo ndio uliokuwa ukitoa moshi wa mafiga. Moshi uliofungiwa ndani huongeza hatari ya nimonia kwa watoto wadogo. Na familia ikiingiza jiko la mkaa chumbani kwa sababu ya baridi ya milima ya Ngara, gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, yaweza kuwaua waliolala. Fundi aliyefunzwa mambo yote mawili angetandaza wavu wa waya katika uwazi ule, hewa ipite na mbu abaki nje, kisha angeshauri jiko lihamishiwe banda la pembeni.

Mfano unaotusumbua zaidi ni papasi. Kupe huyu hukaa katika nyufa za sakafu na kuta za udongo, hutoka usiku, humnyonya aliyelala kwa muda mfupi na kurudi mafichoni. Aweza kuishi miaka bila chakula, hivyo kuihama nyumba kwa msimu mmoja hakumwondoi. Uhusiano wake na homa ya vipindi ulithibitishwa zamani: mwaka 1905 Robert Koch aliuchunguza katika Afrika Mashariki ya Wajerumani, na mwaka huohuo daktari Mwingereza Joseph Dutton, aliyeuchunguza mashariki mwa Kongo, alifariki huko kwa homa hiyohiyo. Hata hivyo ugonjwa huu ungali ukidhaniwa kuwa malaria. Homa hupanda, hupoa, kisha hurudi baada ya siku kadhaa. Kipimo cha haraka cha malaria hakiwezi kuuonyesha. Damu yapasa kutazamwa kwa hadubini. Kwa mama mjamzito waweza kuharibu mimba. Tiba ipo, lakini mgonjwa aliyepona akirudi kulala juu ya sakafu ileile, ataumwa tena. Hapo ndipo mganga anapomhitaji fundi.

Nafasi ya kuunganisha mafunzo ipo. Januari 2024 Serikali ilizindua mpango wa kuandaa wahudumu wa afya ngazi ya jamii 137,294 nchini, wawili kwa kila kitongoji au mtaa. Kwa upande wa ujenzi, VETA ina utaratibu wa urasimishaji ujuzi, ambao humpima fundi aliyejifunzia kazini, humwongezea anachokosa na kumpa cheti. Siku chache za somo la afya ya nyumba katika utaratibu huo, na siku chache za kusoma sakafu, nyufa na paa kwa wahudumu, zingetosha kuanzia. Biharamulo inajua thamani ya mgeni aliyefunzwa: mlipuko wa Marburg uliotangazwa tarehe 20 Januari 2025 na kumalizika tarehe 13 Machi ulihitaji watu wanaoaminika kufuatilia kila aliyekuwa karibu na wagonjwa.

Wakati hayo yakisubiriwa, mlaji ana la kufanya. Kabla ya kupatana bei na fundi, muulize atauachaje uwazi wa juu, na moshi utapita wapi. Asiyekuwa na jibu asipewe malipo ya awali. Asiyeweza kumudu saruji azibe nyufa kwa udongo mara kwa mara, na kitanda kikae mbali na ukuta, chini ya chandarua. Wapuliziaji wakija, mwulize kiongozi wao ukuta usiguswe kwa muda gani, na mjulishe fundi tarehe hiyo. Mgeni anayejitambulisha kuwa mtumishi wa afya aonyeshe kitambulisho. Ukiwa na shaka, ofisi ya mtendaji wa kijiji itakueleza kama anatambulika. Na homa ya mtoto ikirudi baada ya kupoa, mwambie mganga kwamba mnalala katika nyumba yenye sakafu ya udongo, hata kama hakuuliza.