Gitaa Lilifundishwa na Orutu

Hapa Bugarama tunawasikia vijana wakisema zeze ni la wazee, muziki ni gitaa. Redio ikipiga benga, gitaa tu ndilo linalosifiwa. Kumbe gitaa hilo lilikuwa na mwalimu.

Wajaluo wa Mara na Kenya wanayo orutu, ndugu yake zeze. Ina waya mmoja tu, na ngozi, zamani ya kenge. Hupigwa kwa upinde wa nyuzi za katani. Mtu akiimba, orutu inamfuata, akinyamaza, inamjibu. Vijana walipopata magitaa, miaka ya 1940 na 1950, hawakuutupa mtindo huo. Waliuhamishia humo, pamoja na ule wa nyatiti yenye nyuzi nane. D. O. Misiani, aliyezaliwa Shirati mwaka 1940, aliupiga na bendi yake ya Shirati Jazz mpaka alipofariki mwaka 2006. Tegeni sikio: sauti ikitua, gitaa linadakia.

Halafu mambo yakageuka. Kundi la Kenge Kenge la Kenya likaichukua benga na kuirudisha kwenye orutu. Mwalimu sasa anajifunza kwa mwanafunzi! Mwenye upinde ndiye anayeongoza, na watu wanacheza.