Fedha ya Msimu na Chakula cha Mwaka

Kila unapokaribia msimu, kabla karafuu hazijaanza kupiga wekundu mtini, wanachama hutujia ofisini kwa haja moja. Wataka kukopa ili walipe deni la duka. Ukitazama daftari waliloandikiwa hukuti kitu cha anasa: mchele, sukari, mafuta, unga wa ngano, majani ya chai, sabuni. Wako pia wasiokuja kwetu. Hao huuza karafuu zingali mtini, kwa bei aitakayo mnunuzi, na siku ya kuchuma husimama pembeni wakihesabu pishi zilizo za mtu mwingine. Kwa sababu hiyo twaona vema, katika toleo hili, tuache habari za miche na majamvi, tuzungumze habari za jikoni.

Tutaanza mbali kidogo. Katika safari yetu ya bara tulishika njia ya kutoka Dodoma kwenda Iringa, na kama nusu ya njia tukateremka Mtera, penye bwawa kubwa la Mto Ruaha Mkuu. Bwawa lile lilimalizika mwaka 1980, na likijaa huenea kilometa za mraba zaidi ya 600. Wengi hudhani lilijengwa ili litoe umeme pale pale. Kumbe mwanzo lilikuwa ghala tu: kazi yake ilikuwa kuyaweka maji ya msimu wa mvua, yakafunguliwa kidogo kidogo wakati wa kiangazi yaende Kidatu, ambako mitambo ilikwisha anza kazi tangu 1975. Mitambo ya Mtera yenyewe, ya megawati 80, ilianza 1988. Mwaka 2006 ghala hilo lilipopungua mno, bara ikaingia katika mgao wa umeme.

Kando ya barabara kina mama huuza samaki, perege na kambale, wabichi na wa kukaangwa na wakavu. Tulimwuliza mmoja wao kwa nini wale wakavu amewatenga katika kapu lake mwenyewe, hawauzi. Akajibu, "Hao ni wa nyumbani, shehe. Samaki akiwa mwingi fungu huwa kubwa na bei ndogo, basi mimi nakausha. Akiadimika, sinunui." Tukamwuliza na unga je? Akasema yeye hununua nafaka mara tu watu wanapovuna, huiweka ndani, na mwenye kupima ya kupika kila siku ni yeye peke yake. "Mwanamume akiingia ghalani," akasema, "mwezi wa pili tunalia." Tulicheka, lakini neno lile tumelichukua.

Ukiitazama nchi yenyewe utaona kuwa mama yule hakubuni kitu kipya. Ugogo hupata mvua msimu mmoja tu, tangu Disemba hata Aprili au karibu yake, na jumla yake kwa mwaka haifiki nusu ya mvua inyeshayo Pemba. Mtu wa huko akila mavuno kwa pupa, hana vuli ya kumwokoa. Ndipo wazee wao wakapenda uwele na mtama, nafaka ndogo zistahimilizo ukavu, wakaziweka katika vilindo vya magome ya miti ndani ya nyumba zao za tembe. Mlenda wa mwituni huchumwa mvua zinaponyesha, hukaushwa juani, hutwangwa, na huliwa kiangazi kizima. Na wanajua ghala likiwa tupu hutokea nini: njaa waliyoiita Mtunya, ya miaka ya 1917 hadi 1920, iliua watu wengi mno, kwa kuwa majeshi ya Wajerumani kisha ya Waingereza yalikwisha wanyang'anya nafaka na ng'ombe, na mvua nazo zikakosa.

Sasa turudi kwetu. Sisi visiwani tuna masika na vuli, tuna bahari, tuna muhogo na ndizi shambani, kwa hiyo desturi ya kuweka akiba ya chakula haikukaza mizizi. Lakini fedha yetu je? Fedha ya karafuu haina masika na vuli. Huja msimu mmoja, tena mwaka mmoja nyingi na mwaka wa pili chache, kama kila mwanachama ajuavyo. Kwa upande wa fedha sisi ni Wagogo, ila twatumia kama watu wa pwani.

Na tazameni jinsi tununuavyo. Mkononi mkiwa na fedha, twanunua vyombo, vitambaa, pikipiki, pengine na ng'ombe wa harusi. Mchele twaendelea kununua kwa kilo na kibaba. Fedha ikisha, twanunua kibaba hicho hicho kwa deni, na muuza duka hulipandisha bei kidogo deni lake, maana naye fedha yake imelala. Hatumlaumu. Katika kuuza kwa kilo kilo ana mizani, mifuko, na punje zimwagikazo, naye lazima avilipie.

Tuchukue hesabu ya mfano. Kila mtu aweke bei ya mtaani kwake. Tuseme nyumba inapika kilo 2 za mchele kwa siku, ndiyo kilo 730 kwa mwaka, karibu mapolo 15 ya kilo 50. Tuseme tena mchele wa mapembe kwa polo ni shilingi 2,000 kilo, na kwa rejareja ni 2,300. Hiyo tofauti ya 300, ambayo mtu haioni anapomtuma mtoto dukani, kwa mwaka hufika shilingi 219,000. Fanyeni vivyo hivyo kwa mafuta, dumu moja dhidi ya vipimo, na kwa sukari na sabuni. Kwa nyumba nyingi jumla yake haipungui sana deni lile wanaloletewa kabla ya msimu.

Lakini hapa ndipo penye mtego, na sisi wenyewe tulinaswa. Mwaka mmoja tulinunua mapolo matatu kwa mara moja, tukayapanga chini sakafuni yakigusa ukuta, tukajiona werevu. Polo la chini lilipata unyevu, likaota ukungu; la kati likaingia wadudu. Katika mfano wetu faida ya polo moja ni shilingi 15,000, na polo lenyewe ni 100,000. Basi polo moja likiharibika limekula faida ya karibu mapolo saba. Asiyeweza kutunza, ni heri kwake aendelee na kilo kilo.

Kutunza kwetu ni kugumu kuliko Ugogo. Kule hewa ni kavu. Hapa hata chumvi hulia maji. Jambo la kwanza ni ukavu wa chakula chenyewe kabla hakijafungwa. Karafuu twaijua: ukiivunja ikalia, imekauka. Kwa nafaka yafaa kutumia chupa na chumvi. Chukua chupa kavu yenye mfuniko, tia nafaka hata theluthi, tia vijiko vichache vya chumvi kavu kabisa, tikisa dakika chache, kisha iache kama robo saa. Chumvi ikiganda ubavuni mwa chupa, nafaka ina unyevu, rudisha juani. Chumvi isipoganda, yaweza kuwekwa.

La pili ni wadudu. Mahindi yana adui mkubwa aitwaye dumuzi, aliyetoka Amerika ya Kati na kugunduliwa Tabora mnamo 1981, naye hupenda muhogo mkavu vilevile. Dawa nzuri tuliyoiona bara ni mifuko ya tabaka tatu, miwili ya nailoni nzito ndani na mmoja wa kufumwa nje. Hujazwa nafaka kavu, hewa hukamuliwa, na kila tabaka hufungwa peke yake kwa kamba. Wadudu walio ndani huimaliza hewa na kufa bila ya kutiwa sumu yoyote. Yafaa kwa mahindi, mpunga, mchele, kunde, choroko na maharage. Sharti usifungue mfungue-mfungue, maana kila ufunguapo wawapa pumzi. Na tundu moja la panya huharibu kazi yote. Mifuko iwekwe juu ya mbao, mbali na ukuta. Mwenye kupata mpunga wake mwenyewe auweke kama mpunga, akoboe wa mwezi mmoja mmoja, kwani ganda lake ni kinga.

Si kila kitu ni cha kuwekwa. Unga wa ngano hauvumilii hali yetu. Nunua wa wiki chache. Mafuta yachacha yakikaa katika mwanga. Na sukari ina ugonjwa wake: ikiwa nyingi ndani, chai huwa tamu zaidi na wageni huongezeka. Kwa hiyo mwenye kuiweka amwachie ufunguo mama mwenye nyumba, kama yule wa Mtera, wala asiuombe. Papa na ng'onda, akikaushwa vizuri na kutundikwa penye hewa, ni sawa na perege wa bwawani: nunua akiwa mwingi.

Mizani nayo. Mwanachama apelekapo karafuu kituoni huitazama mizani kwa macho mawili, na gramu ikipungua husema. Yeye yule hununua polo la mchele bila ya kulipima. Bara mkulima hulia na lumbesa, gunia lililojazwa kupita kiasi, maana yeye ndiye auzaye. Sisi tununuao tutazame lililopungua.

Na mtu asikope ili anunue kwa jumla. Akiba hii ni ya fedha ya karafuu iliyokwisha lipwa, na isiwe yote. Miezi mitatu au minne ya chakula yatosha kwa mwaka wa kwanza, hata mtu ajue mikono yake. Asiye na fedha ya polo zima aungane na majirani wanne, wagawane kwa mizani mbele ya wote.

Ofisi yaweza kuagiza mifuko ya tabaka tatu kwa pamoja, iwapo watapatikana wanachama wa kutosha. Mwenye kuitaka aandikishe jina lake na idadi ya mifuko kwa karani wa tawi lake kabla ya mkutano ujao, na chupa ya kupimia pamoja na chumvi tutakuja nayo mkutanoni, kila mtu ajaribu kwa nafaka atakayoileta.