Italia kwa Anayetoka Bariadi: Mambo ya Kujua Kabla ya Kuuza Ng'ombe



Likizo iliyopita, tulipokuwa parokiani Bariadi, babu mmoja alitusubiri nje ya kanisa baada ya Misa ya kwanza. Alitujulia hali, akauliza habari za masomo, kisha akafika kwenye jambo lake. Anataka kwenda kuhiji Roma kabla hajafa. Ng'ombe wa kuuza anao. Amesikia pia kuwa Vatikano ni nchi. "Sasa ninyi mafrateri wangu, viza ya Vatikano inaombwa wapi?" Tukatazamana. Angetuuliza habari za Plato tungejibu haraka zaidi. Tulimwahidi kutafuta majibu, na tunayaandika hapa kwa sababu tunaamini si yeye peke yake mwenye swali hilo.

Ni kweli, Vatikano ni nchi. Ilipata hadhi hiyo kwa Mkataba wa Laterano wa tarehe 11 Februari 1929, kati ya Kiti Kitakatifu na Italia. Lakini eneo lake lote ni hekta 44, yaani ekari kama 109, ukubwa ambao mkulima mkubwa wa pamba wa Meatu asingeushangaa. Iko ndani ya jiji la Roma, imezungukwa na Italia pande zote, na haina uwanja wa ndege wa abiria. Kwa hiyo hakuna anayefika kwa Baba Mtakatifu bila kupita Italia, na viza anayohitaji hujaji wetu ni ya Italia. Habari njema ni kwamba Italia imo katika mkataba wa Schengen pamoja na nchi nyingine 28. Viza ya kawaida ya Schengen humruhusu mtu kufika pia Lourdes nchini Ufaransa au Fatima nchini Ureno, mradi siku zake hazijaisha.

Hapo kwenye viza tukae kidogo, maana ndipo fedha za watu zinapopotea. Viza ya muda mfupi hairuhusu kukaa zaidi ya siku 90 katika kila siku 180. Maombi hayapokelewi zaidi ya miezi 6 kabla ya safari, na hayapaswi kupelekwa zikiwa zimebaki chini ya siku 15. Ada kwa mtu mzima ni yuro 90, na ukinyimwa viza hairudishwi. Inatakiwa bima ya safari isiyopungua yuro 30,000, na pasipoti ambayo itaendelea kuwa hai walau miezi 3 baada ya kutoka Ulaya. Anayeomba mara ya kwanza lazima aende mwenyewe kutoa alama za vidole, hivyo safari ya Dar es Salaam, uliko ubalozi wa Italia, iwemo kwenye bajeti tangu mwanzo.

Zaidi ya karatasi hizo, mwombaji anatakiwa kuonyesha kwamba ana uwezo wa kujitunza huko na kwamba atarudi. Hapa ndipo Msukuma anapopata shida. Mtu anaweza kuwa na ng'ombe 80 zizini, lakini ng'ombe hawaonekani kwenye taarifa ya benki. Akiwauza wote kwa mkupuo na kuweka fedha benki wiki moja kabla ya kuomba, fedha hizo zitazua maswali badala ya kuyajibu. Tulimshauri babu yetu afungue akaunti mapema, auze kidogo kidogo, atunze stakabadhi za mnada, na asimuuze ng'ombe wa nauli mpaka viza iwe mkononi. Tulimwambia pia kwamba mtu yeyote anayeahidi viza ya uhakika kwa malipo anadanganya. Uamuzi ni wa ubalozi, si wa dalali.

Ndugu zetu wanaotumwa masomoni wana njia nyingine. Wao huomba viza ya taifa ya muda mrefu, na wakishafika Italia wana siku 8 za kazi kuomba kibali cha kuishi. Siku nane si nyingi kwa mgeni asiyejua hata posta iko wapi.

Sasa tuiangalie nchi yenyewe. Italia ina watu wapatao milioni 59, na eneo lake ni karibu theluthi moja ya Tanzania. Tumezoea kuiona kama nchi ya kale, kumbe kama dola moja ilianza mwaka 1861 tu, na Roma yenyewe ikaingizwa kwa nguvu ya jeshi mwaka 1870.

Wao wako nyuma yetu kwa saa mbili wakati wa baridi na saa moja wakati wa kiangazi. Ukikuta tangazo la Misa ya saa 9 asubuhi, hiyo ni saa tatu yetu. Usiwacheke. Warumi wa kale walihesabu saa za mchana kuanzia macheo kama sisi, ndiyo maana tunaposoma katika Injili kwamba Bwana alilia kwa sauti kuu saa tisa, Mswahili anaelewa bila maelezo, huku Mwitalia wa leo akihitaji tanbihi.

Kwenye salamu, wengi wetu tunalijua neno "ciao". Asili yake ni lugha ya Venezia, na maana yake ilikuwa "mimi ni mtumwa wako". Siku hizi ni salamu ya marafiki. Kumsalimia mzee Mwitalia usiyemjua kwa "ciao" ni kama kijana wa Bariadi kumpita babu yake kwa "mambo". Asubuhi sema "buongiorno", jioni "buonasera", kama vile kwetu "mwangaluka" na "mwadila" zina wakati wake.

Chakula kisimtishe mtu. Kaskazini mwa Italia wanapika polenta, na polenta ni ugali wa mahindi, japo mara nyingi laini kuliko wetu. Wakulima maskini wa huko waliwahi kuugua sana ugonjwa wa pelagra kwa sababu walikula polenta karibu peke yake. Maji nayo ni ya bure. Mitaa ya Roma ina zaidi ya mabomba 2,000 yanayotiririka maji ya kunywa, kwa hiyo beba chupa yako. Chemchemi ya Trevi, ambako watalii hutupa sarafu, inalishwa na mfereji uliojengwa mwaka 19 kabla ya Kristo. Sarafu hizo huokotwa na kupewa Caritas ya Roma. Sisi tuliokulia Maswa, tulikochota maji kwa baiskeli, habari hii tuliisoma mara mbili.

Kuingia makanisani ni bure sehemu nyingi, pamoja na Kanisa Kuu la Mtakatifu Petro, ila mabega na magoti yafunikwe. Katekesi ya Papa huwa Jumatano, na tiketi zake hazilipiwi. Atakayekuuzia, mkwepe.

Tungependa mhujaji wa Afrika asiishie Vatikano. Mtakatifu Monika, mama Mwafrika, alifariki Ostia karibu na Roma mwaka 387, na masalia yake yamo katika Basilika ya Mtakatifu Augustino mjini Roma. Mwanae, ambaye sisi wanafalsafa tunahangaika na vitabu vyake kila muhula, amelazwa Pavia, kaskazini. Ni Waafrika waliotangulia kufika huko bila kuomba viza.

Jingine litakalomshtua Mkristo wa Simiyu ni kuona wazee watupu kanisani. Karibu robo ya Waitalia wana miaka 65 au zaidi, na baadhi ya parokia zao sasa zinahudumiwa na mapadre kutoka Afrika.

Tulimpelekea babu majibu haya Dominika iliyofuata. Alisikiliza yote, akauliza polenta huliwa na mboga gani, kisha akataka kujua aanzie wapi. Tukamwambia aanze na pasipoti. Pasipoti inataka kitambulisho cha taifa, anacho. Inataka na cheti cha kuzaliwa, hana. Jumatatu tulikwenda naye ofisi ya wilaya.